Kovu la Shavu la Kushoto

Mwalimu wangu Nyamweya alianza na ng'ombe,
ng'ombe wa ukutani, bucha za Kariobangi,
mwenye tabasamu asilostahili,
na chini yake: NYAMA SAFI, KARIBU.
Kisha vinyozi: vichwa sita kwa shilingi mia tatu,
vyote vina shingo moja.
"Huko ndiko nilikojifunza uongo," alisema,
"na ukishaujua vizuri
unauchoka."

Chumba chetu kilikuwa Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri.
Harufu ya grisi ilipanda ngazi, ikaingia bila hodi.
Mwaka wa kwanza nilichora masikio.
Masikio tu. La baba yangu, la muuza mitumba,
la askari wa kanjo aliyesinzia mlangoni.
Mwaka wa pili akaniruhusu pua.
"Macho yatangoja. Kila mtu hukimbilia macho.
Mtu hujulikana pale anapodhani hatazamwi:
kona ya mdomo, chini ya kidevu,
palipokunjwa na usingizi."

Walikuja na picha za pasipoti,
za harusi ambazo bwana harusi amekatwa kwa makasi.
Wengi walileta wafu. Wafu walilipa vizuri,
maana mazishi yana kamati.
Walio hai walibishana bei,
kisha wakabishana na nyuso zao.

Akaja Muthengi, mwenyekiti wa sacco,
koti la kijivu, saa nzito,
na kovu kutoka mfupa wa shavu hadi mdomoni,
linang'aa kama njia ya konokono.
Nyamweya alilichora siku nne,
penseli ngumu, ncha ya sindano,
nuru ikiteleza juu ya ngozi isiyo na vinyweleo.
Muthengi alitazama, akakohoa.
"Kazi nzuri. Lakini hilo liondoe."
"Nichore uso wa nani basi?"
"Elfu arobaini, mzee. Usinifundishe uso wangu."

Kodi ilikuwa ya miezi mitatu.
Landilodi alishaleta kufuli, akaliacha mezani
kama mgeni aliyesahau kofia.
Mwalimu akaigeuza picha ikatazama ukuta, akaenda zake.

Nasema sasa, kwa kuwa hayupo wa kunisikia:
usiku huo stima ilipokatika niliwasha mshumaa,
nikaukanda ufutio hadi ukalainika,
nikalifuta.
Halikutaka kutoka. Karatasi hukumbuka mkono uliokandamiza.
Nikapaka ngozi juu ya ngozi hadi alfajiri.
Muthengi alilipa. Kufuli likaondoka.
Nyamweya alizihesabu zile pesa, akanitazama vidole,
na wiki mbili akanirudisha kwenye masikio.

Kisha akaja mama yake.
Tulimsikia akipumzika kila ngazi ya tano.
Picha ameifunga kwa leso.
"Huyu ni nani?"
"Mwanao, mama."
"Mwanangu aliungua uji. Mimi ndiye niliyeacha sufuria
nikaenda mlangoni kusalimiana na watu.
Miaka hamsini na miwili, kila nikimwona naliona kwanza.
Nyinyi mmenisamehe kwa idhini ya nani?"

Mwalimu hakujibu. Alichonga penseli,
akanipa mimi.
Nililirudisha mbele ya macho yake.
Yeye ndiye aliyeniongoza: "Hapo lilijikunja. Hapo aliacha kulia."
(Sacco ilivunjika mwaka uliofuata,
lakini hilo lina mahakama yake.)

Kabla sijapuliza dawa alinyoosha mkono,
akalipitisha kovu kidole, shavuni hadi mdomoni,
risasi ya penseli ikachafuka.
Nikarukia ufutio.
Nyamweya akanishika kiwiko.
"Acha. Hapo pamekwisha."

Nikampa kitambaa ajifute. Akakataa.
Alishuka ngazi akiwa amekiinua kidole kile
kama mtu aliyejikata.